Amana Katika Kisanduku

Ndugu msomaji, wazee wetu wa pwani walikuwa na kasha. Ndani ya kasha mlikaa hati za shamba, barua za ndugu walio safarini, vyeti vya ndoa, na pengine kitambaa cha marehemu kilichosalia na harufu ya udi. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na nyumba nzima ilijua kwamba mtu huyo si mwenye mali, bali ni mwekwa amana tu. Akiulizwa, hujibu, akitakiwa kutoa, hutoa.

Siku hizi kasha hilo limegeuka umbo. Katika nyumba kadha wa kadha utakuta kisanduku kidogo chenye diski mbili ndani, kimeunganishwa kwa waya na ruta ya intaneti. Picha, sauti na hati za watu wa nyumba huwekwa humo, na kila mwenye simu au kompyuta nyumbani aweza kuvifikia. Umbo limebadilika, lakini amana ni ile ile.

Mimi naishi Moshi, na asili yetu ni Tanga. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na watu wa pwani wakapanda nayo kwa kazi na biashara, wakaoa, wakazaa, wakazikana. Ndiyo sababu jamaa zangu wametawanyika: wako Tanga, wako Mombasa, wako Maskati, na wako juu mlimani Machame kwa wakwe zetu. Ilikubaliwa kisanduku kikae kwetu. Mlikuwa na picha za harusi za miaka mingi, hati za kiwanja cha urithi ambacho hakijagawanywa, na kitu kisichokuwa na bei: sauti ya bibi yetu akieleza nasaba ya ukoo, iliyorekodiwa miezi michache kabla hajafariki.

Usiku mmoja kisanduku kikajipandishia toleo jipya la programu yake ya ndani, ile ambayo mafundi huiita famuwea. Asubuhi taa zote zilikuwa zimewaka kijani, lakini kompyuta haikukiona. Tulikiita, hakikuitika. Mtoto wa ndugu yangu, kijana hodari wa mambo haya, akaja na sindano mkononi. Akasema, "Ami, hapa nyuma pana kitundu cha kuanza upya. Nikikibonyeza, kitarudi kama kilivyotoka dukani."

Nikamwuliza, "Kilipotoka dukani, mwanangu, sauti ya bibi ilikuwamo?"

Akaiweka sindano mezani.

Msomaji mpenzi, hapa ndipo penye hatari. Aghalabu kupandisha programu ya ndani hakugusi vitu ulivyoviweka. Programu hiyo ina mahali pake mbali, na vitu vyako vina mahali pao. Basi kisanduku kikinyamaza baada ya kupandishwa, yaelekea amana ingali humo salama. Kinachoiangamiza mara nyingi ni mkono wenye haraka. Kile kitundu cha kuanza upya, katika vifaa vingine hufuta nenosiri tu, na katika vingine hufuta kila kitu. Asiyesoma kitabu cha kifaa chake atajuaje chake ni kipi? Vivyo hivyo kompyuta yaweza kukuuliza kwa upole kama wataka kuiandaa diski upya. Ukijibu ndiyo, umeruhusu kufutwa.

Sasa tufanyeje? Wenzetu Wachagga wa mlimani wametuachia somo zuri. Tangu karne zilizopita wamechimba mifongo, yaani mifereji inayotoa maji mtoni huko juu na kuyateremsha kwenye migongo ya mlima hadi katika vihamba vya migomba na kahawa. Maji yakikatika kihambani, mwenye akili habomoi mfongo wote. Hushika njia akaufuata hatua kwa hatua kuelekea mtoni, akitazama: hapa maji yapo, hapa hayapo. Kizibo kiko kati ya mahali hapo pawili. Pengine ni gogo, pengine ni jiwe, pengine ni jirani aliyegeuza maji shambani kwake kabla ya zamu yake.

Nasi tukaufuata mfongo wetu.

Kwanza, tulingoja. Baada ya kupandishwa, kifaa chaweza kuchukua saa nyingi kikikagua diski na kupanga orodha zake, na kukizima katikati ya kazi hiyo ni kukitafutia maradhi.

Pili, tulitazama waya. Taa ndogo pale waya unapoingia ilikuwa ikimetameta kisandukuni na kwenye ruta. Maji, basi, yalikuwa yanapita hapo.

Tatu, tulitazama anwani. Ruta hukipa kila kifaa cha nyumbani namba yake, kama namba ya nyumba mtaani. Tulifungua ukurasa wa ruta na kusoma orodha ya vifaa. Kumbe kisanduku kilikuwamo, ila kilikuwa kimepewa namba mpya, na kompyuta yetu ilikuwa ingali ikibisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Tulipoandika namba mpya, mlango wa kisanduku ulifunguka, na majina ya mafaili yote yakaonekana.

Nne, ikabaki kompyuta kongwe ya chumba cha nyuma. Ilijua anwani mpya, na bado ilikataliwa. Hapa kizibo kilikuwa lugha. Kompyuta na visanduku hivi huzungumza kwa lugha iitwayo SMB, na toleo lake la kwanza ni la zamani sana. Mwezi Mei 2017 programu ya uharamia iliyoitwa WannaCry ilipitia tundu la toleo hilo, ikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hata hospitali za Uingereza zilikwama. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi mwaka huo, lakini wengi hawakukitia. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakiifunga lugha hiyo kongwe. Programu mpya ya kisanduku chetu ilifanya hivyo hivyo, nayo ilikuwa na haki. Dawa ilikuwa kuifundisha kompyuta kongwe lugha mpya. Kulifungua tena tundu la zamani ili mambo yawe mepesi kungekuwa kumwachia mwizi mlango.

Huenda msomaji mmoja akasema: "Si bora kutopandisha kabisa? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao." Ni kweli walisema, lakini mbacha ulioliwa na mchwa nao hausaliwi. Mwezi Juni 2021 wenye visanduku vya My Book Live, vya kampuni ya Western Digital, waliamka katika nchi mbalimbali wakakuta vitu vyao vimefutika. Programu ya visanduku hivyo haikuwa imepata toleo jipya tangu mwaka 2015. Watu wabaya waliingia kwa njia ya intaneti wakaamrisha kifaa kianze upya. Tazama, msomaji: jambo lile lile ambalo kijana wetu alitaka kulifanya kwa sindano, wao walilifanya kutoka mbali. Kampuni ikawashauri wenye navyo wavitoe kwenye intaneti, na kwa wengi maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Basi kupandisha kuna hatari, na kutopandisha kuna hatari. Mwenye amana aiweke mahali ambapo hatari moja haiwezi kuimaliza. Wengi hudhani diski mbili ndani ya kisanduku kimoja ni nakala mbili. Sivyo. Zinakukinga diski moja ikifa, lakini mwizi akibeba kisanduku huzibeba zote, na amri ya kufuta huzifuta zote. Mafundi wana kanuni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Yetu ya nje sasa iko Machame, kabatini kwa wakwe, na kila baada ya miezi mitatu hushushwa ikaongezwa mapya.

Yako na mengine madogo yenye faida kubwa. Usipandishe programu bila betri ya kushika umeme, kwani umeme ukikatika katikati, kifaa chaweza kufa kabisa. Chukua nakala kwanza, ndipo upandishe. Namba ya kisanduku iandike karatasini. Na nenosiri walijue watu wawili waaminifu, kwani mwenye ufunguo naye ni mwanadamu, na ajali yake haijui.

Ndugu zangu, hati ya yatima na sauti ya marehemu hazina mwenye kuzitetea ila yule aliyekabidhiwa. Yatupasa tuwe wazito wa kubonyeza na wepesi wa kutazama. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaorudisha amana kwa wenyewe zikiwa kamili.