Matundu Matatu

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Mama yangu huuza sukumawiki hapa Jericho. Mwaka jana alilalamika maumivu ya kifua, na eksirei ikaonyesha kivuli kando ya uti wa mgongo. Majirani wakanong'ona, "Hiyo ni kansa, basi!" Mama akakataa katakata kurudi hospitali.

"Siwezi kupasuliwa kifua kama kuku. Nikifa, nani atawalisha?" Mimi ndiye kifungua mimba. Usiku nilimsikia akilia.

Shangazi, ambaye ni muuguzi, alitukalisha kitako. Akasema uvimbe ule ulionekana kuota kwenye ganda la neva. Ni nadra, lakini kwa watu wazima mara nyingi huwa si kansa. Ukiwa mkubwa mno, kifua hufunguliwa. Ukiwa mdogo, daktari hutoboa matundu baina ya mbavu, hulaza pafu la upande huo kwa muda, kisha huingiza kamera nyembamba na kutazama kazi yake kwenye skrini. Uvimbe hutiwa katika kifuko ukavutwa nje. Kumbe daktari Jacobaeus wa Uswidi alichungulia kifua kwa tundu tangu 1910!

"Wifi, mbona hawakuniambia hivyo?" mama akauliza.

"Uliwauliza?"

Alikubali. Majibu ya maabara yakaja: si kansa. Leo yuko kibandani na makovu matatu madogo. Wenzangu, mtaani twaogopa kisu kuliko ugonjwa. Tuulize kwanza, tuogope baadaye.