Kilo Moja ya Fondanti

Miaka ya tisini keki ya harusi jijini Dar es Salaam ilikuwa ngumu. Ngumu kwelikweli: aisingi ya sukari ya unga, ute wa mayai na ndimu kidogo, ikipakwa tabaka juu ya tabaka hadi ikauke kama chokaa ya ukutani. Maharusi walishika kisu kwa mikono minne huku mshereheshaji akiziba kimya kwa utani. Fundi keki mmoja wa Temeke, ambaye leo ana wajukuu na bado anaoka, alianza kazi na aisingi hiyo. Gharama zake zilikaa kichwani bila daftari.

Fondanti, sukari laini inayokandwa kama donge la unga, aliletewa na ndugu aliyerudi kutoka Uingereza, kwenye pakiti ya Renshaw, kampuni ya huko iliyoanzishwa mwaka 1898. Akaikanda, akaisukuma kwa kisukumio kile kile cha chapati, akaitandika juu ya keki. Ikalala yote kwa mara moja, laini, bila alama ya kisu. Shangazi wa bibi harusi akaibonyeza kwa kidole na kuuliza, "Mwanangu, na hii ngozi nayo inaliwa?" Inaliwa, shangazi. Ila wengi waliibandua na kuiacha pembeni ya sahani, jambo ambalo linamuudhi fundi huyo mpaka leo, maana ndiyo sehemu ghali kuliko zote.

Kisha televisheni ikaingia kati. Ace of Cakes ilianza Marekani mwaka 2006, Cake Boss ikafuata mwaka 2009, na wateja wakaanza kuja na picha: keki ya umbo la mkoba, ya kiatu, ya gari. Mwaka 2011 dunia ikaona keki ya harusi ya Prince William na Kate, ghorofa nane na maua 900 ya sukari. Maumbo ya mikoba na magari aisingi ya zamani haikuyaweza hata nusu. Maduka ya vifaa vya keki Kariakoo yakajaza makopo ya fondanti, kila moja na bei yake, na hapo ndipo hesabu zilipoanza kusumbua.

Mnunuzi mgeni huangalia bei ya kilo. Fundi huyo alijifunza kuangalia unene.

Jedwali la Wilton, kampuni iliyoanzia Chicago mwaka 1929, linaonyesha kwamba keki ya duara ya inchi 6 yenye kimo cha inchi 4 inahitaji gramu 510 hivi za fondanti. Ya inchi 8 inahitaji gramu 680, na ya inchi 10 inakaribia kilo moja. Zikipangwa ghorofa tatu ni kilo 2.2, kabla ya kutengeneza ua hata moja. Lakini hesabu hiyo inadhani fondanti inakubali kusukumwa iwe nyembamba. Nzuri inashuka hadi milimita 3 na bado unainyanyua kwa mikono miwili bila hofu. Ile ya bei rahisi ukiifikisha hapo inachanika kwenye kona ya keki, au inapasuka mistari midogo midogo ukingoni, kwa hiyo unaiacha na milimita 6. Unene ukiwa mara mbili, uzito nao ni mara mbili. Kilo iliyouzwa kwa nusu bei imeshakula faida yake yote, na mlaji amepewa mdomo mzima wa sukari.

Fundi akajaribu kuitengeneza mwenyewe. Njia iliyoenea ni ya mashimalo: gramu 450 za mashimalo zilizoyeyushwa na vijiko vichache vya maji, gramu 900 za sukari ya unga, mafuta meupe ya mgando ya kupaka mikononi. Inatoka tamu kuliko nyingi za kopo, sifa ambayo hakuna aliyeibishia. Tatizo likawa gelatini. Mashimalo mengi ya nje yana gelatini ya nguruwe, na nusu ya wateja wake ni Waislamu, kwa hiyo kila pakiti ikabidi isomwe nyuma kwa miwani. Mwishowe akahamia gelatini halali ya ng'ombe, glukosi na glisirini, ile ya kula bila shaka, si ya kupaka ngozi. Kwa watu wasiotaka gelatini kabisa alinunua fondanti ya Satin Ice ya Marekani, inayoshikiliwa na gundi za mimea, akawaeleza bei mapema ili wasishtuke siku ya kulipa.

Joto la pwani lilikuwa mwalimu mkali zaidi. Sukari inavuta unyevu hewani. Keki ikitoka kwenye friji na kupandishwa kwenye gari mwezi Machi, inatoka jasho, rangi nyeusi inachuruzika na nyekundu inaingia kwenye nyeupe. Mwenzake aliyekuwa akienda Dubai alimletea kipande cha fondanti ya Massa Ticino ya Uswisi, ambayo aina yake maarufu inaitwa Tropic, na jina halikudanganya: ilivumilia. Bei yake, hata hivyo, ilikuwa ya kupambia keki ya waziri. Akaamua kuchanganya, nusu ya ghali na nusu ya nyumbani, na mchanganyiko huo ndio anaoutumia hadi sasa kwa oda nyingi. Unga wa kon flawa wa kunyunyizia mezani aliacha kuutumia miezi ya kiangazi kwa sababu unakausha. Anapaka mafuta mezani.

Tangu mwaka 2018, Prince Harry na Meghan walipooana na kukata keki ya limau iliyopakwa krimu ya siagi, mabibi harusi wengi wameanza kuomba krimu. Wengine wanataka ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, na keki iwe ndogo ya kupigia picha tu. Fundi hakulalamika. Siku hizi kwa keki ya harusi ya ghorofa tano anaoka mbili tu. Tatu ni maboksi ya povu yaliyovikwa fondanti ya bei rahisi, kwa kuwa hayaliwi na unene wake haumdhuru mtu. Ile ghali inapelekwa kwenye keki ya kukatwa, na kwenye risiti inaandikwa peke yake, kwa gramu.