Dogo, Punguza Moto!

Jamani, masela wa Gerezani mnaovuta sigara za umeme, tusikilizane. Mdogo wangu kaacha sigara za kawaida, sasa anavuta hiyo ya betri. Kila jioni utamsikia: "Braza, koo linawaka!" Kumbe anapandisha moto ili mvuke uwe mwingi, washikaji kijiweni wamsifie.

Aliyewahi kupikia jiko la mchina anajua: mafuta yakiisha, utambi unaungua, nyumba nzima inanuka. Humo nako mna pamba na waya. Pamba ikikauka inaungua, na majimaji yakichemka kupita kiasi yanatoa sumu, ikiwemo fomaldehaidi.

Ndiyo maana baadhi zina kipimo cha joto. Waya ukizidi kupata moto, ukinzani wake unapanda, kifaa kinapunguza umeme chenyewe. Lakini waya uwe wa nikeli, titani au chuma kisichoshika kutu. Wa Kanthal haubadiliki vya kutosha. Kwa hiyo madukani Kariakoo usiulize rangi tu, ulizia na waya.

Dogo nimemshusha hadi nyuzi 210. Koo limetulia, na ladha anaipata. Ila asikudanganye mtu: nikotini ni ile ile, na usalama wenyewe ni kuacha kabisa.