Mahali Zitakapolala Hesabu Zetu

Basi la Tanga lilitufikisha mpakani Horohoro jua halijakolea. Mihuri ikagongwa, na mchana tukawa tunasubiri feri Likoni, Mombasa. Chama chetu cha akiba na mikopo kilikuwa kimeshauriwa kuhamishia mfumo wa hesabu kwenye klaudi. Bodi haina imani na kitu isichokiona, kwa hiyo ikaamua mhasibu na kijana wetu wa mifumo waende wakakione. Mhasibu ni mimi. Seva yetu inakaa stoo, ubavuni mwa makabrasha, ikipulizwa na feni ya mezani. Umeme ukikatika betri inalia, na kila mtu anakimbilia kuhifadhi kazi yake.

Kijana alisisitiza tuanzie baharini, na mimi nikadhani tutaonyeshwa mnara. Tulichoonyeshwa ni mchanga, jengo la kawaida lenye uzio, na kipande cha waya wa baharini ambacho mwenyeji wetu, fundi wa mawasiliano aliyestaafu, alikichomoa kwenye mfuko wa rambo. Kimekatwa kwa msumeno, kwa hiyo matabaka yote yanaonekana: plastiki nyeusi, nyaya za chuma zilizosokotwa, bomba la shaba la kupeleka umeme, na katikati kabisa, ndani ya grisi, nyuzi za kioo zenye wembamba wa unywele. Nilikizungusha kiganjani nikitafuta kilichobaki. Hakuna kilichobaki. Mwanga hukimbia humo karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, na ndio unaobeba kila tunachotuma.

Kabla ya 2009 pwani yetu ilitegemea setilaiti. Mwaka huo waya wa Seacom ukafika, wa TEAMS ukavutwa kutoka Fujairah kule Falme za Kiarabu hadi Mombasa, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy.

"Lakini si mwaikumbuka Jumapili ile ya Mei?" mzee alituuliza.

Nani asiyeikumbuka! Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za Seacom na EASSy zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikabaki inavizia ujumbe wa WhatsApp upite. Hapo nikaandika swali langu la kwanza daftarini: hesabu zikiwa ng'ambo na waya ukakatika, mwanachama anayetaka mkopo wa ada tutamjibu nini?

Kesho yake tukaingia kituo cha data. Kitambulisho, kidole kwenye kioo, mlango. Mlango wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ujifunge nyuma yako, na kwa muda huo umesimama kwenye kijichumba unajiuliza umeshitakiwa kwa kosa gani. Ukipita, unakutana na kelele. Sikuitarajia. Mafeni ya mashine zote yanavuma kwa pamoja hata inabidi mwenyeji akusogelee sikioni. Makabati meusi marefu kuliko mtu yamepangwa mistari, nyuso zikitazamana, migongo ikitazamana. Njia ya mbele inapulizwa baridi, na ya nyuma inapokea joto linalotoka kwenye mashine. Nilijifunga mtandio vizuri njia ya kwanza, nikaufungua ya pili. Kuna chumba kizima cha betri ambazo kazi yake ni kushikilia dakika chache tu, mpaka majenereta ya nje yawake. Moto ukitokea unazimwa kwa gesi, maana maji yangeua kilichoachwa na moto.

Nikauliza watu wako wapi. Hakuna watu. Ulinzi wote ule, na ndani ni taa za kijani zinazopepesa.

"Hii ndiyo klaudi yenyewe?" nilimuuliza mwenyeji.

"Bado, mama. Hapa wengi wanaleta mashine zao, sisi twawapa nafasi, umeme na ubaridi. Klaudi ni pale ambapo hata mashine si yako."

Treni ya SGR ilitupitisha Tsavo nikiwa nasinzia, kwa hiyo tembo wa kijana siwezi kuwathibitisha. Nairobi tulipokewa na mhandisi, dada mwenye kompyuta iliyojaa vibandiko, ambaye alianza kumwaga majina ya aina za klaudi. Kwa vile nusu ya umri wangu nimeishi nyumba za kupanga, niliyaelewa kwa njia hiyo. Ukipangishwa chumba kitupu ukaleta kitanda, jiko na pazia lako, hiyo ni IaaS: unapewa mashine, hifadhi na mtandao, na mengine juu yako. Ukikuta samani zimo, ukaja na nguo na sufuria tu, ni PaaS, na waandishi wa programu wanaipenda kwa sababu mashine hawaishughulikii. Ukiingia gesti, shuka limetandikwa na chai inaletwa, ni SaaS, ukoo wa Gmail tuliyoitumia miaka yote. Paa likivuja ni la mwenye nyumba. Ukiacha mlango wazi ukaibiwa, usimlilie.

Wapangaji hao wanaishije ndani ya mashine moja? Programu inayoitwa hipavaiza huigawa mashine ya chuma iwe mashine pepe nyingi, kila moja ikijiona iko peke yake. Mwaka 2011 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa fasili ya klaudi yenye sifa tano. Mimi zilinikaa mbili: unajihudumia bila kumwomba mtu, na unapimiwa ulichotumia.

"Chagua, mama," alisema dada akinisogezea kompyuta.

Orodha ya kanda, yaani mahali zilipo mashine za Amazon: Ireland, Mumbai, Bahrain, Cape Town. Nikabonyeza Cape Town. Sikuwa nimemaliza chai yangu, mashine ikawa hai, ina anwani yake na inapokea amri. Nilicheka kwa sauti. Seva yetu ya stoo ilitaka profoma tatu, vikao, hundi, kisha mzigo ukakaa bandarini. Hii niliizaa kwa kidole, na nilipobonyeza kufuta ikatoweka, na saa yake ya malipo ikakoma. Dada akaonyesha jinsi mashine zinavyoweza kujiongeza Januari wazazi wanapofuata mikopo ya ada, na kupungua Februari. Wanaita unyumbufu.

Kanda hiyo ya Cape Town ilifunguliwa Aprili 2020 ikiwa na zoni tatu. Zoni ni jengo au majengo yenye umeme na mtandao wake, yaliyotengwa na ya zoni nyingine ili janga la moja lisiziangushe zote. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba EC2, huduma yao ya kukodisha mashine iliyozinduliwa mwaka 2006, kwa sehemu kubwa ilitengenezwa hukohuko Cape Town na timu ya Chris Pinkham. Na mimi nilijua mambo haya yote yanashuka kutoka makao yao ya Seattle!

Siku ya mwisho ilikuwa ya bei, na hapo nikarudi kuwa mhasibu. Mashine ni nafuu. Kuingiza data kwa kawaida hulipii. Kuitoa unalipia, kila gigabaiti, na ikiwa nyingi inauma. Kanuni ya namna hiyo siipendi hata ikiletwa na nani. Halafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, yenye masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya Tanzania, na majina ya wanachama wetu ni taarifa za watu. Hilo nikamwekea mwanasheria.

Tuliporudi, bodini nilipendekeza tuanze na bakapu: zifungwe kwa msimbo kabla hazijatoka Tanga, na ufunguo ukae kwenye sefu yetu. Mfumo wa mikopo ubaki stoo mpaka tuwe na laini ya pili ya intaneti, inayopita waya mwingine. Walielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Wakauliza kuhusu wezi, kuhusu jenereta, kuhusu ule mlango unaokufungia katikati. Kisha mweka hazina, mzee aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote, akanyoosha mkono.

"Binti, bili yenyewe inakuja kwa shilingi?"

"Kwa dola, mzee."

Kikao kilitufikisha magharibi.