Kabla Hujauza Nyumba ya Kisauni

Malindi

Mpwa wangu mpenzi,

Karatasi za ghorofa ya Dubai ulizonitumia nimezipata na nimezisoma zote. Mama yako naye alinipigia simu. Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba watu wawili wamekuja kuiangalia nyumba, mmoja wao akapima ukumbi kwa hatua. Ndipo nikaona nikuandikie, maana jambo la nyumba ya urithi halifai kumalizwa kwa ujumbe wa sauti.

Kwenda sikuzuii. Biashara yako ni spea, mzigo wako unatoka Deira na Sharjah, na kila safari unahangaikia viza ya matembezi. Haja yako ya ukaazi naielewa. Nisichokubaliana nacho ni kuununua kwa nyumba ya mama yako.

Ajenti amekuambia ukinunua nyumba unapata ukaazi wa miaka 10. Hakusema uongo, ila hakumaliza maneno. Ukaazi huo, wauitao viza ya dhahabu, unataka mali isiyopungua dirham milioni 2. Dola moja ni dirham 3.6725, na haibadiliki tangu 1997, kwa hiyo unazungumzia takriban dola 545,000, yaani kama shilingi milioni 70 zetu. Nyumba ya Kisauni haifiki hapo wala haikaribii. Itatoa malipo ya mwanzo tu, na pesa zilizobaki utazitafuta kwenye spea, awamu baada ya awamu, kwa ghorofa ambayo bado iko kwenye picha.

Juu ya bei, Idara ya Ardhi ya Dubai hutoza asilimia 4 kusajili mali. Kwa milioni 2 hizo ni dirham 80,000. Dalali naye kwa kawaida huchukua asilimia 2, dirham 40,000. Baadaye inakuja ada ya huduma ya jengo, inayohesabiwa kwa futi ya mraba kila mwaka, uwe na mpangaji au usiwe naye. Katika ratiba uliyonitumia, ukurasa wa kwanza una picha ya bwawa la kuogelea na awamu zimepangwa vizuri kwa rangi. Ada ya usajili imeandikwa ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo chini kabisa.

Lililonikosesha usingizi ni hili. Ukishindwa kulipa huku ujenzi umeshapita asilimia 60, sheria ya Dubai inairuhusu kampuni inayojenga kuvunja mkataba na kubaki na hadi asilimia 40 ya thamani ya nyumba. Si asilimia 40 ya ulicholipa, mwanangu, ni ya thamani nzima. Kwa milioni 2 hizo ni dirham 800,000. Ukiwa umelipa kiasi hicho na mzigo mmoja tu ukakwama bandarini, unaweza kutoka mikono mitupu, na Kisauni imeshakwenda.

Na usidhani bei za kule hupanda tu. Wageni walifunguliwa mlango wa kumiliki nyumba mwaka 2002, bei zikaruka, kisha mwishoni mwa 2008 zikaporomoka, mahali pengine zikapungua karibu nusu. Novemba 2009 Dubai World yenyewe, kampuni ya serikali ya kule, iliwaomba wadai wake wasubiri. Bei zilirudi baadaye, ni kweli, lakini aliyeweza kungoja ni yule asiyedaiwa awamu.

Sasa nije kwa lililo zito zaidi kwangu. Nyumba ile ni ya marehemu baba yako. Mama yako ana thumni yake, na dada zako wana mafungu yao. Unataka kuiuza mali ya watu wanne ununue ghorofa kwa jina lako peke yako. Viza hiyo itamchukua mkeo na wanao. Dada zako haiwachukui. Na siku ukiiuza ghorofa, sababu ya ukaazi nayo imeondoka. Uraia usiuhesabu kabisa: tangu 2021 wapo wageni wanaopewa, lakini kwa kupendekezwa na wakubwa wa nchi, hauombwi kwa kutimiza miaka.

Ipo njia inayokufaa wewe mfanyabiashara, nayo ni leseni. Zamani kampuni ya mjini ilihitaji mwenyeji mwenye asilimia 51. Tangu Juni 2021 biashara nyingi mgeni anaruhusiwa kuzimiliki kwa asilimia 100. Na kwenye maeneo huru, kama Jebel Ali iliyoanza 1985, ruhusa hiyo ni ya siku nyingi. Kwa kuwa wewe unanunua na kusafirisha kuja Mombasa, wala hutafuti wateja wa kule, eneo huru huenda likakutosha. Mwenye kampuni huombewa ukaazi kwa leseni yake, akamwombea na familia.

Nayo ina masharti. Ukiingia duka lolote la spea Deira utaiona leseni ukutani, ndani ya fremu, na tarehe ya kwisha imeandikwa. Kila mwaka inalipiwa upya, na viza zote za duka zinaitegemea karatasi ile. Faida ikizidi dirham 375,000 kwa mwaka kuna kodi ya asilimia 9, ilianza Juni 2023. Ukikaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, ukaazi wa kawaida hufutika, jambo ambalo viza ya dhahabu haina. Lakini wewe kila baada ya miezi michache uko kule. Pango la duka mara nyingi hulipwa kwa cheki za tarehe za mbele; usisaini cheki ambayo hela yake bado iko kwa wateja wa Mombasa. Siku hizi cheki kurudi si lazima kukupeleke jela, lakini deni huenda moja kwa moja kwenye utekelezaji wa mahakama, na unaweza kuzuiwa kusafiri.

Mwambie dalali wa Kisauni asimamishe. Ajenti wa Dubai usimpe hata amana ya kushikia nafasi. Nitashuka Mombasa Ijumaa baada ya sala, tukae na mama yako na dada zako, na kama mirathi haijafunguliwa, Jumatatu twende kwa kadhi. Niwekee hesabu za duka za miaka miwili, mauzo na madeni, tuone leseni inaweza kulipiwa na nini bila kugusa nyumba.

Wasalimie watoto.

Mjomba wako