Kupiga na Kuchora

Lugha yetu imewapa mchoraji na mpigapicha jina moja la zao la kazi yao: picha. Kinachowatenga ni kitenzi. Niliyahisi hayo siku ya kwanza nilipouza picha zangu kwenye maonyesho ya wazi pale Forodhani, Unguja, jirani na wauzaji wa michoro ya Tingatinga, mtindo ulioasisiwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968.

Bi mkubwa mmoja aliinua picha ya fundi wa Nungwi akikalafati jahazi.

"Umeichora mwenyewe, mwanangu?"

"Nimeipiga, bi mkubwa."

"Umepiga tu! Na bei elfu sitini?"

Hilo "tu" ndilo lililoniuma. Hodi hupigwa, chafya hupigwa, na papo hapo yamekwisha. Lakini kabla ya pigo langu nilikuwa nimeketi mchangani alfajiri tatu, hadi fundi akanizoea na kuisahau kamera. Nikamweleza hayo, na jinsi pamba iliyotiwa mafuta inavyoshindiliwa kati ya mbao ili maji yasipenye. Akaitazama tena, kimya. Kisha akasema marehemu mumewe alikuwa nahodha.

Tukapatana shilingi 45,000.

Tangu hapo sikitafuti kitenzi kingine. Mshairi naye husumbuka siku nyingi kwa ubeti unaosomwa kwa pumzi chache. Nilichouza siku ile ni kungoja. Kupiga ni kuhitimisha tu.