Petroli ya Motokaa Kuukuu

Katika gazeti letu hili nimesoma habari nyingi za michezo, za safari na za mitihani, lakini habari ya motokaa sijaiona bado. Basi leo nataka kuwasimulia jambo lililonipata Nyabugogo, mjini Kigali, katika likizo ya Desemba ya mwaka 2012, nilipokuwa nimebakiza mwaka mmoja tu shuleni. Si habari ya kujisifu.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori kwa miaka mingi. Alipostaafu alibaki na motokaa moja, Volkswagen 1300 iliyotengenezwa mwaka 1968, ile yenye mgongo wa mviringo kama kobe na injini nyuma. Majirani zetu wa Nyamirambo walimcheka kwa kuitunza, naye huwajibu kwamba mzee hatupwi kwa ajili ya mvi zake.

Jioni moja aliniita, akanipa faranga 10,000, akasema, "Mwanangu, kesho tunakwenda Muhanga kumchukua bibi yako. Telemka Nyabugogo ukaitie motokaa petroli ya fedha hizi zote." Nilifurahi sana, maana leseni yangu ilikuwa bado mpya.

Kwa wasiopajua, Nyabugogo ni bondeni, chini ya mji, penye kituo kikubwa cha mabasi yaendayo pande zote za Rwanda na hata Kampala. Kukizunguka kituo hicho kuna gereji, maduka na wachuuzi wasiohesabika. Pale ukitafuta kitu hukikosi, na usipokitafuta chenyewe hukufuata. Mimi nilifuatwa na mtu mwenye dumu. Aliitazama motokaa, akatabasamu, akaniambia, "Kijana, petroli ya vituoni ni ya magari mapya. Gari kuukuu halichagui. Chukua hii, lita 10 kwa faranga 7,000."

Nilijiambia maneno mawili: kwanza, kwamba motokaa ni kuukuu kweli, pili, kwamba hapana atakayejua. Nikatia petroli ya dumu, na zile faranga 3,000 nikazitia mfukoni.

Asubuhi tuliondoka mapema, kwa kuwa bibi alikuwa ameambiwa atungoje kando ya barabara saa tatu, naye hana simu. Tukapita Nyabugogo na Giti cy'Inyoni, tukavuka daraja la mto Nyabarongo, tukaanza kupanda mlima wa Ruyenzi. Mara nikasikia sauti kutoka nyuma, kama kopo lenye misumari linalotikiswa. Baba alikuwa ameketi kando yangu, akasema, "Legeza mguu." Nikalegeza, sauti ikapungua. "Kanyaga tena." Nikakanyaga, sauti ikarudi.

"Geuza motokaa," akasema. "Injini ikigonga hivi mlimani, pistoni hutoboka. Turudi kwa fundi."

Fundi huyo alikuwa mzee mwenziwe, mwenye gereji Nyabugogo. Alianza kwa kuangalia cheche kama zinawaka kwa wakati wake, akaziona sawa. Akafungua plagi, nazo hazikuwa na kasoro. Ndipo Baba akauliza, "Labda ni ile risasi iliyoondolewa katika petroli? Niliambiwa petroli ya siku hizi haifai motokaa za zamani."

Fundi akacheka. "Mzee, jambo hilo ni kweli kwa motokaa nyingine, si kwa hii." Akatueleza kwamba tangu miaka ya 1920 watu walikuwa wakitia madini ya risasi katika petroli ili injini zisigonge, na kwamba risasi hiyo ilikinga pia viti vya valvu visiliwe. Motokaa kama Morris Minor, ambayo kichwa cha injini yake ni cha chuma, na viti vya valvu vimechongwa katika chuma kile kile, huweza kudhurika ikikosa risasi na kukimbizwa sana. Lakini kichwa cha injini ya Volkswagen ni cha alumini, na kwa kuwa alumini ni laini, tangu kiwandani hupachikwa viti vya chuma kigumu. "Kwa hiyo usinunue vichupa vya dawa za kurudisha risasi," akasema. "Ni fedha za bure."

Nami naongeza niliyosoma baadaye. Risasi iliondolewa kwa sababu ni sumu, na huharibu akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliafikiana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na ulipoanza mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha. Nchi ya mwisho duniani kuuza petroli hiyo kwa motokaa ilikuwa Algeria, nayo iliacha mwaka 2021.

"Tena sikilizeni," fundi akaendelea. "Injini hii hubana hewa na petroli mara saba na kitu tu. Magari mapya mengi hubana mara kumi au zaidi, ndiyo maana yanahitaji petroli yenye oktani kubwa, yaani isiyowaka yenyewe inapobanwa. Na hapa tuko juu sana kuliko Mombasa au Dar es Salaam, hewa ni nyepesi, injini hubanwa kidogo zaidi. Motokaa hii, katika milima hii, haiwezi kugonga kwa petroli halali."

Akachukua karatasi nyeupe. Akadondosha tone la petroli yake aliyonunua kituoni, na kando yake tone kutoka tangi letu. Tukangoja. La kwanza likakauka lisiache alama. La pili likaacha doa la mafuta kama la sambusa.

"Imechanganywa na mafuta ya taa," akasema. "Oktani yake ni ndogo mno. Kijana, ulitia kituo gani? Niambie, niende nikawaaibishe."

Ndugu zangu, jina la kituo lilikuwa limekwisha fika ulimini. Kilikuwa ng'ambo ya barabara, na watu wake hawakunikosea lolote. Nilimtazama Baba, naye hakunitazama, alikuwa akilitazama lile doa. Nikatoa zile faranga 3,000 mfukoni, nikaziweka juu ya karatasi.

Baba hakunipiga wala hakunikemea. Alizichukua, akaongeza nyingine zake, akampa mtoto wa gereji akanunue petroli ng'ambo. Fundi akamwaga ile mbaya yote, akaiweka ya kuoshea vyuma, akasafisha kabureta. Kazi ikatuchukua hadi alasiri.

Tulifika Muhanga saa kumi na moja. Bibi alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, kitenge chake kimelowa kwa mvua ya mchana. Akasema, "Nilijua hiyo motokaa itawasumbua. Imezeeka."

Baba akampakia mzigo, akajibu, "Hapana, Mama. Motokaa haina kosa."

Hakuongeza neno, na mpaka leo hajaongeza.

Wizi huu wa kuchanganya haukuwa Kigali tu. Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2018 serikali zilipandisha kodi ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wasipate faida. Na maskini wanaowasha taa na majiko wakalipa pamoja nao.

Basi, mwenzangu utakayerithi motokaa kuukuu, usihangaike kutafuta petroli ya ghali kupita zote, wala dawa za vichupa kabla hujajua kichwa cha injini yako ni cha madini gani. Tafuta petroli safi, kituoni, mbele ya macho yako. Injini ikigonga, usiilaumu kwa uzee wake. Sikiliza kwanza, kisha ujiulize uliitia nini. Rahisi ghali, walisema wazee, nami niliilipia kwa kitenge cha bibi.